Kahawa ya Shangazi Skolastika

Tumsifu Yesu Kristo! Na ninyi ndugu zangu wa makanisa mengine mliokuja kusali nasi hapa Mjimwema, Bwana asifiwe! Nasimama mbele yenu nikiwa na tumbo pungufu na moyo mzima. Tumbo lilipunguzwa na daktari. Moyo aliuponya Mungu, na huo ndio uliochukua muda mrefu zaidi.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni yule kijana aliyemaliza chuo kikuu wakati serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walimaliza mitihani wakakuta ajira zinawasubiri. Sisi tuliambiwa soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Nikarudi Songea nikajitafutia, na nilichopata kwanza ni vidonda vya tumbo! Mimi ni mtu wa kuwaza, ndugu zangu. Mtu akiniuliza habari za leo, nawaza kwa nini hakuuliza za jana. Hata nilipopata kazi katika kampuni moja ya watu binafsi iliyokuja kununua kahawa ya Mbinga, niliwaza watanifukuza lini. Niliwaza mpaka kidonda kikatoboa tumbo. Nikaanguka ofisini, nikakimbizwa hospitali ya misheni, nikapasuliwa, na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ikakatwa.

Siku ya kuruhusiwa, Sista mmoja aliyekuwa muuguzi wa wodi yetu alinikalisha chini. Akaniambia tumbo langu sasa ni dogo kama la mtoto, kwa hiyo nile kidogo kidogo na nitafune sana. Kahawa nisiiguse mpaka daktari aseme. Na akisema, iwe kikombe kidogo, nyepesi, nikiwa nimeshakula, isijazwe sukari, wala nisiinywe pamoja na vidonge vya kuongeza damu kwa maana inavizuia visifanye kazi vizuri. "Moyo ukienda mbio, acha," alisema. "Na usiwe mbishi kama wasomi wenzako."

Niliitikia kila neno. Lakini nilikuwa naogopa sana siku ile, na kichwani kwangu likabaki moja tu: kahawa kidogo.

Nikaenda kukaa Mshangano kwa Shangazi Skolastika, dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Ni mjane, hakujaliwa mtoto, ndiye aliyenilea. Ukoo wetu ni Wamatengo. Tumelima kahawa tangu enzi za babu, na hakuna aliyeinywa! Kahawa ilikuwa mali ya kupeleka ushirika. Nyumbani tulikunywa chai. Soko lilipofunguliwa, ndugu zetu wa Mbinga wakawa wanauza wanakotaka, na Shangazi naye akaanza kuomba abakiziwe kidogo. Aliikaanga kwenye chungu, akaitwanga kwenye kinu, yote kwa ajili yangu. Mtoto wake ni mtu wa kampuni ya kahawa, atakunywaje majani ya chai?

Daktari aliponiruhusu, nilianza kuionja ofisini. Kikombe kidogo baada ya chakula cha mchana, bila sukari, kwa sababu wakubwa wetu waliinywa hivyo na mimi sikutaka kuonekana mshamba. Hakuna kilichonitokea. Nikamshukuru Mungu. Kisha asubuhi moja, kabla sijala kitu, nikanywa ya Shangazi. Sikuwa nimemaliza kufunga viatu, moyo ukaanza kupiga kama unataka kutoka. Jasho likanimwagika, mikono ikatetemeka, tumbo likasokota. Ikabidi nijilaze. Shangazi akanipepea kwa kanga yake.

"Pole, baba. Ukiamka nitakupa nyingine upate nguvu."

Nyingine!

Ndugu zangu, mlango aliopitia adui ni huo. Nilikaa nikachambua kama nilivyofundishwa chuoni. Kahawa ni ileile ya Mbinga. Mnywaji ni mimi yuleyule. Kazini sidhuriki, nyumbani nadhurika. Kilichobadilika ni mkono unaoiandaa. Nikanywa tena asubuhi nyingine ili nihakikishe, ikawa vilevile, na mbaya zaidi. Nilitamani nikosee, lakini nilijiona nina ushahidi.

Na kuna jambo lililonitisha zaidi. Kwetu mtu akikukaribisha pombe, yeye hupiga funda la kwanza ili ujue ni salama. Shangazi hakuwahi kuionja kahawa yangu. Siku moja nikamwambia kwa ujanja, "Shangazi, anza wewe." Akacheka sana. "Hilo lichungu lenu? Kunywa mwenyewe, msomi wangu." Nami nikacheka, huku macho yangu yako kwenye vidole vyake.

Mwili nao ulikuwa unaisha. Suruali nilizifunga kwa kamba. Baba mdogo Otmari, mdogo wake baba, anayekaa hapahapa Mjimwema, aliona aibu kutembea na mimi. Mnajua wenyewe, miaka hii mtu akikonda majirani wana jibu tayari. Hospitali walinipima kabla ya kunipasua, sikuwa na ugonjwa ule. Lakini utapita mtaani ukitangaza? Kwa Baba mdogo, kurogwa kulikuwa na heshima kuliko ugonjwa ule. Siku aliyonikuta natetemeka pale Mshangano hakuuliza nimekula nini. Aliuliza nimekula kwa nani.

Wakakaa kikao cha ukoo. Wakaniuliza hali hii inanipata wapi. Nikasema kweli: kwa Shangazi tu. Sikusema ananidhuru, ila sikusema hanidhuru. Baba mdogo akasema basi, Shangazi apelekwe kwa mganga njia ya Tunduru, akanyolewe.

Ninyi mliohamia kutoka mikoa mingine, niwaeleze. Anayeshukiwa uchawi hunyolewa nywele zote na kunyweshwa dawa, kisha anarudishwa nyumbani na watu wanaambiwa sasa ni salama. Nywele huota tena. Jina halioti tena. Mama mzee atapita sokoni, na watoto watavutwa mikono wampishe.

Nilidhani Shangazi atapiga kelele. Alinitazama mimi, siyo wao. "Kama nywele zangu ndizo zinazomkondesha huyu mtoto," alisema, "zichukueni."

Niliomba, ndugu zangu! Niliomba hivi: Bwana, kama ni yeye nionyeshe, na kama si yeye nionyeshe upesi, maana pikapu imeshakodiwa.

Asubuhi ya safari tulikusanyika kwa Baba mdogo. Shangazi alikaa kwenye ngazi ya mlango na kifurushi chake, amefunga kitambaa kizuri kichwani kama anakwenda misa. Mama mdogo, mke wa Baba mdogo, alinionea huruma. Njia ni ndefu na sikuwa nimekula. Akatoa kahawa anayowawekea wageni, akanijazia kikombe kikubwa cha bati, akaonja kwanza mbele ya wote, kisha akanipa. Nilikunywa yote bila wasiwasi. Nyumba ile ilikuwa salama, na kikombe kilikuwa kimeonjwa!

Kabla dereva hajawasha gari, moyo ukaanza. Jasho! Mikono! Nikaanguka kwenye mkeka natetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa.

"Nani amegusa kikombe hiki?" Baba mdogo akapiga kelele. "Nani?"

Mama mdogo alikuwa bado ameshika birika.

"Mimi, baba Koleta," akamjibu mumewe. "Nikafunge mzigo?"

Shangazi, palepale kwenye ngazi, akasogeza kifurushi chake pembeni. "Panda tu, wifi yangu, nafasi ipo. Ila mwambieni dereva asichoke. Kesho msomi wetu atakunywa kahawa kwa paroko, naye tutakwenda kumnyoa."

Dereva aliinamia usukani akicheka. Baba mdogo alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeondolewa kiti. Na mimi, nikiwa nimelala mgongoni, nikaisikia sauti ya yule Sista kama vile amesimama juu yangu. Kidogo. Nyepesi. Umeshakula. Isijazwe sukari.

"Mama mdogo," nikauliza, "uliweka sukari?"

"He! Mgonjwa nitamnyima sukari?"

"Na wewe, Shangazi?"

"Mpaka kijiko kinagoma kuzunguka," akajibu. "Ulikuwa unakonda. Kila ukikonda naongeza, na kahawa yenyewe naizidisha."

Aleluya, ndugu zangu! Kila nilipokonda aliongeza, na kila alipoongeza nilitetemeka, na kila nilipotetemeka nilimshuku. Nilikuwa nikipimiwa upendo kwa kijiko, nami nauita sumu. Bwana alinionyesha upesi kama nilivyomwomba, tena ndani ya nyumba ya mshtaki!

Pikapu ilirudi ilikotoka. Nilikwenda hospitali pamoja na Shangazi, na Sista akatueleza kwamba tumbo likishakatwa, vitu vitamu hukimbilia kwenye utumbo kwa kasi, mwili unashtuka, na kahawa kali inazidi kuuchochea moyo. Alinigombeza vizuri sana. Baba mdogo alileta kuku Mshangano. Shangazi akampokea yule kuku, akamwambia, "Karibu, Otmari. Leo tutamnyonyoa huyu."

Lakini nisiwadanganye. Mashaka hayakutoka kwangu kama pepo anavyotoka. Hata sasa, nikipewa kikombe mkono wangu husita. Mara ya kwanza Shangazi aliponiandalia tena kahawa, nilikuwa nimeshakula viazi na maharage. Ilikuwa nyepesi, kikombe kidogo, bila sukari. Akasimama mbele yangu. Alikuwa ameshajua macho yangu yalikuwa yanatafuta nini siku zote zile. Akakunja uso, mama mzee yule asiyependa kahawa, akakiinua kikombe apige funda la kwanza.

Nikamshika mkono. Nikakichukua kikombe, nikanywa mimi. Hakikuwa kimeonjwa na mtu. Hakuna sala niliyowahi kusali iliyokuwa ngumu kama funda lile, na moyo wangu ulitulia tuli.

Namshukuru Mungu kwa daktari, kwa Sista, hata kwa birika la Mama mdogo. Wewe uliyepasuliwa tumbo, msikilize aliyekupasua. Kahawa si dhambi, kunywa kwa kiasi ulichoruhusiwa. Na wewe mwenye ndugu unayemtazama vidole anapokupakulia, umtumaini Bwana, na leo nenda ukale kwake.

Shangazi yuko pale nyuma, mwenye kitambaa cha bluu. Ameleta chupa ya kahawa kwa ajili yenu, na sukari ameiweka pembeni, kila mtu na tumbo lake. Karibuni sana. Ila naomba asiwepo wa kumwambia aanze yeye.