Damu ya Tochi Inataka Jina

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka lililofungwa, ng'ambo ya geti la kituo cha afya, kwenye kilima hiki cha Umatumbini ambako pikipiki hufika zimechoka kuliko abiria. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo wananiita Bi Birika, na wote wanaokaa hapa wana majina ya namna hiyo. Kapteni hajawahi kuongoza chochote zaidi ya timu ya mpira iliyofungwa mpaka ikavunjika. Profesa alisoma gazeti moja zamani na bado analitumia. Simenti ni fundi ujenzi. Wa nne ni Tochi, mlinda shamba, ambaye taa ya kichwani haivui hata mchana. Leo nafasi yake iko wazi. Alfajiri nguruwe pori kamrarua paja, Simenti kamkuta shambani, kamleta kwa pikipiki damu ikichuruzika mpaka kwenye eksozi. Sasa Simenti katoka ndani, pamba kwenye kiwiko, na sisi tunamngoja afungue mdomo.

Kapteni: Yu hai?

Simenti: Yu hai, ila hasemi. Anafumbua macho, anafumba. Wamemshona, lakini damu imemwishia. Kwenye friji kulikuwa na mfuko mmoja tu unaomfaa, ndio unaingia sasa. Mimi nimepimwa, yangu hailingani na yake. Sista Antonia wa maabara anataka ndugu zake waje upesi. Na anataka jina lake.

Profesa: Jina la nini? Kwani damu inaitika?

Simenti: Ungemwona yule dada akitoa damu ungenyamaza. Kafunga mpira juu ya kiwiko, kapapasa kwa kidole kama mimi ninavyopapasa ukuta kutafuta ufa. Kapaka spiriti, kaacha ikauke. Hapulizi, hapepei.

Profesa: Hapo anasubiri mtandao ushike.

Simenti: Mtandao gani, mzee baba! Anasubiri ikauke. Mara sindano imo, hata sikushtuka. Mpira akaulegeza mapema. Damu ikaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, akakigeuza taratibu, juu chini, juu chini.

Kapteni: Si angetikisa kwa nguvu, ichanganyike upesi!

Mimi: Nikikutikisia birika hivyo, utakunywa machicha.

Simenti: Sawasawa na alivyosema yeye. Mle ndani mna dawa ya kuzuia damu isigande, inataka kuchanganywa kwa upole. Ukiitikisa, chembe zinapasuka, kipimo kinadanganya. Na sindano ikishatoka mwilini hairudishiwi kifuniko. Moja kwa moja kwenye boksi la njano.

Profesa: Zambarau ni damu za wakubwa. Sisi tunawekwa kwenye nyekundu.

Kapteni: Nyekundu ni Simba, usitupotoshe.

Simenti: Sasa sikieni la jina. Kaniambia, "Taja jina lako." Nikasema Simenti. Kaniangalia. "Simenti inauzwa dukani. Lako." Nikasema, Alfonsi Modesti.

Kapteni: Wewe ni Alfonsi?

Simenti: Tangu nilipobatizwa.

Kapteni: Na siku zote umetunyamazia!

Simenti: Hamkuuliza.

Mimi nikasema dada huyo ana akili, na mimi simsifu mtu hovyo. Simenti akaendelea kwamba hata akiwa anakujua, hakutajii jina. Haulizi, "Wewe ndiye Alfonsi?" kwa sababu mgonjwa ukimuuliza hivyo ataitikia tu, hata angekuwa Hussen. Anakuacha useme kwa kinywa chako. Na kichupa kinaandikwa palepale kitandani, hakiondoki kikiwa kitupu cha maneno. Vichupa viwili vikibadilishana, mtu anatiwa damu isiyo yake, anakufa mbele ya macho yao.

Kapteni: Sasa Tochi asiyesema je?

Simenti: Kamfunga namba mkononi, na namba hiyohiyo kaiandika kwenye kichupa. Kwa damu inatosha. Lakini kasema namba haina dada wala mjomba wa kuja kuchangia. Haya, anaitwa nani?

Kapteni: Atakuwa Jafari.

Profesa: Jumapili haji hapa. Huyo ni Mkatoliki.

Kapteni: Ijumaa naye haji.

Profesa: Basi nimeshaelewa. Mtu anayeficha jina hivyo ni usalama wa taifa.

Kapteni: Usalama wa taifa analinda mihogo?

Profesa: Hapo ndipo penyewe! Nani angemshuku?

Kapteni: Na nguruwe je?

Profesa: Huyo wa upande wa pili.

Mimi: Mwenzenu anaisha damu, nyie mnampandisha cheo. Kapteni, mbona wewe hujaenda kupimwa?

Kapteni: Bi Birika, mimi hata sindano ya cherehani nikiiona naona giza.

Hapo ikasimama pikipiki, akashuka mama mmoja mwenye vumbi la njia ya Njinjo mpaka kwenye kope, na mfuko wa unga begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Namtafuta kaka yangu, Rafaeli. Nimekuta kibanda chake kitupu."

Kapteni: Rafaeli hatumjui hapa, mama.

Profesa: Hajawahi kuwapo. Jaribu kule misheni.

Mama akashukuru, akageukia pikipiki. Kapteni ndipo likamwingia jambo kichwani, akainuka: "Eti mama, huyo kakako ana ta..." Nikamkanyaga mguu.

"Funga mdomo! Usimtajie. Mama, hebu rudi. Kaka yako yukoje? Sema wewe."

"Mrefu. Mkimya. Ana taa ya kichwani, hata tulipomzika mama aliivaa. Anasema akiivua atasahau alipoiweka."

Simenti alimtua ule mfuko wa unga, akamshika mkono, wakavuka barabara wakikimbia.

Baadaye Antonia akatoka getini, msichana mwembamba, viatu vya wazi vya mpira. Hakuja kupiga soga. Kasema damu ya dada inalingana, imeshaanza kutolewa, na mgonjwa kafumbua macho alipoisikia sauti yake.

"Naandika nani kasaidia kumtambua," akasema.

Kapteni: Bi Birika huyu.

"Birika linauzwa dukani. Jina lake?"

Kapteni akamtazama Profesa. Profesa akatazama vidole vya miguu yake. Wameanza kunywa kahawa yangu Profesa akiwa bado na nywele. Nikawaacha wahangaike kidogo, kwani walistahili, halafu nikasema mwenyewe:

"Romana Stephano."

Akaandika palepale, akiwa amesimama mbele yangu. "Bado nataka mtu mmoja wa kuchangia," akasema, akarudi ndani.

Kapteni akanyoosha kikombe. Nikainamisha birika, yakatoka machicha.

"Imekwisha. Nenda kapimwe, wewe..." Nikataka kumwita kwa jina lake, nikakuta sinalo.

"Nenda," nikamwambia. "Utaulizwa hapo ndani. Nakuja nyuma yako nikusikie ukijibu."