Jina la Yesaya Kwenye Daftari la Mkoa

Benchi lenyewe liko kando ya barabara ya Mpemba, pale malori yanapopanga foleni ya kuvukia Zambia, na kila asubuhi wanaume watatu hulikalia, birika la kahawa katikati, wakiuhamisha mkoa kwa mdomo. Sadock, waliyembatiza Mkoa, ndiye mwenye daftari. Makao makuu ya mkoa yako Vwawa, yeye anayataka hapa Tunduma, na ushahidi wake ni watu: amepita nyumba kwa nyumba akiandika kila jina, kikongwe hadi kichanga.

Asubuhi hiyo Loisi alifika akihema, mbeleko mkononi haina mtu. Jirani alikuwa amemwambia kwamba leo Mkoa anakata majina, waliohama na waliokufa, na yeye akatoka mbio hata mlango hakufunga. Alisimama nyuma yao. Hakuna aliyegeuka, ubishi ulikuwa umepamba moto.

Kwacha, mbadilisha fedha, alitaka Wazambia wanaokuja kununua bidhaa waandikwe, maana anayekula mchana hapa ni wa hapa. Trela, utingo mstaafu, akasema basi na madereva wa foleni, mbona wanafua na kuanika hapahapa wiki nzima. Kwacha akaona anazidiwa, akahamia makaburini.

— Wale ndio wakazi hasa, Mkoa. Hawahami, boda hawavuki.

— Acha utani wewe. Wakubwa wakikuta marehemu humu, barua yetu ya kuomba makao imekwisha. Leo nawakata wote.

Loisi akasogea.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, Mama Yesaya. Mjukuu wangu hajambo?

Angeweza kujibu hajambo, akarudi zake, jina likabaki. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo, yakatoka mengine.

— Tumemzika Jumatano, baba, homa ya siku mbili tu, naomba usimkate. Hospitali waliandika Mtoto wa Loisi, na kadi ya kliniki imeandikwa hivyo, Mtoto wa Loisi, jina tulimpa Jumapili nyumbani, Jumatatu ukapita wewe ukaliandika, basi, hakuna mwingine aliyeliandika.

Kwacha akaweka kikombe chini taratibu. Sadock alifungua ukurasa, akaupata mstari: Yesaya, siku tisa, mkazi. Kalamu ilikuwa bado vidoleni.

— Pole sana, mwanangu. Lakini hili ni la walio hai. La kuombea mkoa.

— Sasa yeye aandikwe wapi, baba?

Sadock akamtazama Trela. Trela akatazama foleni, lori la mbele likasogea hatua chache na kusimama tena. Kwacha akatafuta la kufanya, akainamisha birika ammiminie mama wa watu kahawa, yakatoka machicha.

Loisi hakuiona kahawa. Alikuwa ameinama juu ya daftari, kiganja kimelifunika jina lote, na hakuna aliyemwambia autoe mkono.