Bi Mwanakhamis Anaagwa Langoni

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi Mwanakhamis Athmani anastaafu kazi ya ukaguzi katika ukumbi wetu wa kupokelea samaki, Liwatoni. Anatoka kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka huu ulipoanza, hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

Aliajiriwa akiwa binti wa Kibokoni asiyeogopa mtu. Manahodha waliomletea nguru wa juzi, huku wakimwapia kuwa ni wa alfajiri, walirudi naye walikotoka. Alipopewa usimamizi hakupunguza ukali hata chembe. Kila mwezi alituletea mkate wa sinia, kisha akatusema kwa unene wetu.

Ndipo ikaja saratani ya titi. Alipasuliwa, akatiwa dawa, akapigwa mionzi, na mwishoni mwa mwaka jana akaambiwa matibabu yamekwisha. Sote tukashusha pumzi. Kumbe wapi! Nywele zilirudi, nguvu hazikurudi. Alilala, akaamka kachoka vilevile, na ngazi za nyumbani kwake zilimtoa machozi. Bwana Faiz, meneja wetu, akampa muda hadi Aprili: asipoweza kumaliza zamu, atastaafishwa kwa ugonjwa. Hilo alilihofu kuliko kisu cha daktari.

Nasi, kwa mapenzi yetu, nusura tummalize. Mgonjwa hutazamwa, ndiyo ada, basi Bonface wa chumba cha baridi akatupangia zamu za kwenda Kibokoni na mapapai. Majirani nao hawakukatika. Bi Mwanakhamis, mwana wa watu, alimwinukia kila mgeni na kumpikia kaimati. Siku moja birika lilimponyoka, akaketi papo hapo sakafuni jikoni, sisi tuko sebuleni twacheka.

Bintiye, Ruweida, ndiye aliyemuunganisha na kikundi cha mtandaoni cha wanawake waliopitia matibabu kama yake. Hukutana kwa video kila Ijumaa saa kumi na moja jioni, muuguzi Beryl akiwaongoza. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza kwamba uchovu ule si uvivu wala si uchache wa imani. Alifundishwa kuzigawa nguvu zake kama unga wa wiki: apumzike kabla hazijamwishia, atembee kidogo kila siku, na wageni awapunguze. Hilo la mwisho lilimtoa jasho. Kumfungia mgeni mlango, Kibokoni? Lakini aliufunga. Ruweida akawa anatupokea barazani kwa kahawa na shukrani, kisha kwaheri. Watu wakasema anaringa. Bonface alirudi na papai lake, akanuna wiki nzima.

Aprili ikafika. Bwana Faiz akasimama ukumbini tangu asubuhi, samaki wamejaa, joto limepanda, na sote macho kwenye miguu yake Bi Mwanakhamis. Katikati ya kazi alivuta kiti, akaketi, akafumba macho. Mungu wangu! Nikajua basi, yamekwisha. Bwana Faiz alitazama saa. Kisha kengele aliyoitega Bi Mwanakhamis kwenye simu yake ikalia, akainuka, akanawa mikono, akaendelea. Aliketi tena kabla ya adhuhuri, akainuka tena. Kreti ya mwisho aliipitisha mwenyewe. Nililia mbele ya wavuvi na sioni haya. Jioni ile Bwana Faiz aliagiza kile kiti kisiondolewe ukumbini.

Bi Mwanakhamis, ahsante kwa ukali wako na kwa mkate wa sinia. Desturi yetu ni kumsindikiza mstaafu hadi kwake kwa honi na vigelegele, tuingie ndani, tule mpaka tufukuzwe. Lakini Ijumaa ni siku ya kikundi chako. Kwa hiyo tutakuaga langoni, hapa hapa Liwatoni. Sinia ya pilau Bonface ataifikisha barazani kwa Ruweida, ageuke, wala hatanuna. Tunakutakia maisha mema, na kila siku nguvu za kuitosha. Tunakupenda mno, dada yetu. Hatuji.

Ketty Oloo, Idara ya Hesabu