Neno Moja Kuhusu Meli

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha Fundi Viatu: benchi moja refu na birika la kahawa. Tuna desturi yetu. Ujumbe wa Kiingereza ukiingia hapa, mwenyewe hafanyi lolote mpaka Kamusi, karani mstaafu, auchambue. Asubuhi hiyo ulimwingia Fundi mwenyewe. Ulitoka ofisi ya meli anayopikia mwanawe wa kwanza, ukisema meli iko "stricken". Fundi alitukabidhi simu, akarudi kushona soli. Sindano ilimchoma kidole mara mbili.

— Haya Kamusi, sema, nikamhimiza.

— Limetoka kwa "strike", yaani kupiga. Siku hizi watu husema "struck". Hili ni la kizamani, limebaki kwenye magonjwa, misiba na meli.

— Misiba? Fundi akauliza bila kuinua kichwa.

— Nimesema na magonjwa pia.

Kinyozi, jirani wa kibanda, akadakia:

— Strike si mgomo? Mabaharia wamegoma, basi! Wamekaa wanacheza karata.

— Mgomo gani wa kuzipelekea familia ujumbe asubuhi na mapema? nikamuuliza.

— Wewe nawe, acha kututoa roho!

Kamusi akajifuta jasho.

— Subirini. Zamani za kale neno hilo lilikuwa na maana ya kupapasa. Kupitisha mkono polepole.

— Umesikia, Fundi? Kinyozi akaruka. Meli imepapaswa! Imegusa mchanga kidogo, ikaendelea na safari.

— Au nyangumi kajikuna mgongo tu, nikasema, na nikajichukia hapo hapo.

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ameshona soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto.

Mwenye kiatu akafika, dada mmoja muuguzi, mgeni kwetu. Akaziona nyuso zetu, akaomba hiyo simu, akasoma mpaka mstari wa mwisho.

— Wameweka namba hapa, familia ziulize. Mmeshauliza?

Kamusi akatazama kikombe chake. Kinyozi akatazama barabara.

— Mko hapa tangu saa ngapi?

— Saa moja, nikasema kwa aibu. Ilikuwa inakaribia saa tano.

Akachuchumaa mbele ya Fundi.

— Baba, mbona hujauliza?

Fundi akaiweka sindano chini.

— Nikiuliza watanijibu, mwanangu.