Picha Niliyoiondoa Ukutani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nawe Mwalimu Mahfoudh, mkuu wa chuo chetu cha upigaji picha, walimu mliotuvumilia miaka miwili, wazee mliotoka Makunduchi, Fumba na Mbweni mkaacha shughuli zenu kwa ajili yetu, wazazi wetu, shikamooni, wahitimu wenzangu, na nyote mliotufikia katika ukumbi huu wa Mji Mkongwe, kila mmoja kwa heshima yake, karibuni sana.

Naitwa Khairiya Shaame. Nimeambiwa nisimame kwa niaba ya wahitimu, nizieleze picha zangu, kisha nipokee zawadi ya picha bora ya mwaka. Picha nitazieleza. Zawadi, Mheshimiwa, nakuomba radhi mapema, sitoipokea, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihisabu kuwa sina adabu.

Mkitazama ukuta wa kulia mtaona picha zangu za sura. Yule wa mwanzo ni Bi Wanu wa Mbweni, mkunga mstaafu, ambaye yumo humu ukumbini na naona anacheka. Kwa Bi Wanu nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alinambia, "Mwanangu, leo sipigiki, nna mafua." Mara ya pili kanga aliyovaa hakuipenda. Mara ya tatu alikaa kitini, akajitanda, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Ngoja kwanza nijiweke." Nikangoja. Nilipompelekea nakala aliitazama kwa muda, akasema, "Haya, huyu ndiye mie." Leo najua kwamba sijapata kusifiwa kuliko siku ile, lakini wakati ule niliona ni maneno ya bibi tu. Nilikuwa nazidharau picha za sura, naziona ni kazi ya watu wasiokuwa na mbio.

Mimi niliringia picha za tendo. Wasichana wakicheza nage, mpira umewapita ubavuni. Mlinda lango wa Mwanakwerekwe yuko hewani, miguu haigusi ardhi. Mwalimu Mahfoudh alitufundisha kwamba kila tendo lina kilele chake, na kwamba mpigaji picha hodari hukijua kilele kabla hakijafika. Mwalimu, ulinifundisha vizuri mno. Nitakayoyasema hapa si lawama kwako hata kidogo.

Julai iliyopita nilikwenda kwetu Makunduchi kupiga picha za Mwaka Kogwa. Kwa wageni wetu wasioujua, nitaeleza kwa ufupi. Siku hiyo wanaume hushuka uwanjani na migomba mikononi, wakapigana. Wanapigana kweli, hawachezi. Mwenye kinyongo na mwenzake kinyongo chake hukitoa pale, mbele za watu wote, na akishakitoa kimekwisha. Hakuna kurudi nacho nyumbani, hakuna kukitaja kesho. Wakimaliza hula pamoja. Sisi tumekulia humo, na nnakuhakikishieni kwamba kuna nyumba nyingi kwetu zimesimama mpaka leo kwa sababu ya siku ile moja.

Baba yangu, Mwalimu Shaame, ambaye husomesha watoto Qur'ani chuoni kwetu Makunduchi, ana kaka yake mkubwa anayeishi Fumba, Ami Mmanga, mwashi. Bibi yetu alipofariki, miaka mitano iliyopita, baba aliona maiti asicheleweshwe, akamzika adhuhuri. Ami Mmanga alifika alasiri. Mtoto wa kwanza, ambaye ndiye aliyestahiki kushuka kaburini kumpokea mama yake, alikuta udongo umeshasawazishwa. Hakugombana na mtu. Aliomba dua, akapanda gari, akarudi Fumba, na kwa miaka mitano ndugu wale wawili hawakusemezana. Mimi nimemaliza skuli, nimeingia chuo, dada yangu ameolewa, yote hayo Ami hayupo.

Mwaka huu akaja. Hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja uwanjani, akachukua mgomba, akamwita baba kwa jina. Baba akaitika, "Naam, kaka," akaingia.

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka walipo, na kamera yangu nimeshaiweka kwenye kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nilijua kilele kitafika na kilifika. Mgomba uko begani kwa baba, maji yake yametawanyika hewani, baba kafumba macho, mdomo wazi, na uso wa Ami Mmanga, jamani, uso ule una miaka mitano yote ndani yake. Niliposikia kamera imelia nilijua kwamba nimepata picha ya maisha yangu. Basi nikafanya lile tunalolifanya sote wapiga picha, wenzangu mnalijua: niliinamisha kichwa nikaitazama kwenye kioo cha kamera. Nikaikuza, nikahakikisha macho ya Ami hayakutikisika. Nikafurahi peke yangu.

Na wakati ule ule nilipokuwa nimeinamisha kichwa, Ami Mmanga aliutupa mgomba, akamwinua baba, akamkumbatia, wakalia wote wawili mbele za watu. Hayo nimehadithiwa na mama. Mimi nilikuwepo hatua kumi, na sikuyaona.

Siku ile walikula sinia moja. Nyumba yetu ilikuwa kama siku ya sikukuu. Wakati wenyewe wanakula, mimi naituma picha kwenye chuo chetu cha picha, na chuo kikaifurahia kama nilivyoifurahia, ikawekwa mtandaoni kuwa tangazo la maonesho haya. Sikumwomba Ami ruhusa. Sikumwomba baba. Nilidhani kilichotendwa uwanjani mbele za watu wote ni cha watu wote. Mtu wa mbali angeweza kukosea hivyo na akasamehewa. Mimi ni mtoto wa Makunduchi, najua kwamba la uwanjani huisha uwanjani, na mimi ndiye niliyelitoa nje likiwa bado bichi.

Kwa wiki mbili picha ilizunguka kila kikundi cha simu hapa Unguja. Watu wasiotujua wakaiandikia maneno yao: ndugu wanauana, kaka hana huruma. Watoto anaowasomesha wakawa wanamwigiza baba, wanafumba macho na kuachama. Baba akawa hatoki ila kwenda msikitini. Huko Fumba, mafundi wenzake Ami wakawa wanamtania kazini, "Leo mpole, mdogo wako yuko wapi?" Ami akampigia simu baba, akamwambia iondosheni. Na baba kwa uchungu wake akamjibu neno ambalo najua analijutia. Alimwambia, "Ungepiga kidogo isingetoka picha."

Hapo wakarudi kutosemezana. Safari hii ni kwa mkono wangu.

Nilikwenda Fumba kuomba radhi. Ami alinipokea, akanikalisha, akaniletea chai mwenyewe. Hakunigombeza, na mimi ningependa angenigombeza. Alinambia, "Khairiya, mie nlimpiga ndugu yangu mara moja. Wewe unampigisha kila siku." Kisha akaniuliza, "Nlimwinua. Ya kumwinua iko wapi?"

Ndugu wageni waalikwa, ningemjibu nini? Nimwambie kwamba nilikuwa naitazama kazi yangu? Nilimwambia, "Ami, sinayo." Akasema, "Basi mwakani mie siingii uwanjani. Nikiwa na neno na mtu nitakaa nalo." Mzee wa miaka sitini na tatu, mtu wa Makunduchi, anasema atakaa na kinyongo chake kwa kuogopa kamera, na kamera yenyewe ni yangu. Nilirudi mjini nikiwa sina raha hata ya kushika kamera.

Jana asubuhi nilimwendea Mwalimu Mahfoudh nikamwomba niiondoe picha ile ukutani. Alinijibu kwa haki kabisa. Alinambia, "Picha yako haina kosa hata moja, na wewe unajua." Ni kweli, Mwalimu. Mwanga upo mahali pake, macho ni makali, kila kitu kimekaa sawa, na kila kilichomo kilitokea. Lakini aliyeiona picha ile peke yake ameondoka na uongo, kwamba ndugu hawa waliishia pale. Bi Wanu nilimpa wakati wa kujiweka. Damu yangu mwenyewe sikuipa hata dakika. Nilipomwambia hayo, Mwalimu akaleta ngazi akanishikia nipande. Kwa ngazi ile, Mwalimu, nitakukumbuka kuliko kwa masomo yote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, zawadi ile ni ya picha ambayo haimo tena katika maonesho haya, na mimi siwezi kuipokea kwa mkono ule ule nilioiondolea picha. Mpeni mwenzangu Suhail, picha zake za wakulima wa mwani wa Paje ni nzuri, na kila aliyemo ndani yake aliulizwa.

Nina neno moja zaidi, nalo si la wageni. Baba yangu amekaa mstari wa pili, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa. Ami yangu Mmanga amekaa kule nyuma karibu na mlango. Alikuja kwa sababu nilimwahidi kwamba picha ile hataiona hapa, na amekaa karibu na mlango kwa sababu hakuniamini, wala simlaumu. Wameingia kwa mlango mmoja asubuhi hii na hawakuamkiana. Mimi ni mtoto, sina mamlaka ya kuwaamrisha wazee wangu. Ninalo la kuomba tu. Baba, Ami, yale mliyoyamaliza Julai mliyamaliza kweli. Haya yaliyobaki ni yangu, niachieni mimi niyabebe. Nisameheni mbele za watu hawa, kama nilivyokuaibisheni mbele za watu.

Walimu wetu, Mungu akulipeni kheri. Wazazi, tunakushukuruni kwa kila usiku mliokosa usingizi kwa ajili yetu. Wahitimu wenzangu, nakutakieni kazi njema na macho yasiyo na haraka. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu. Nilikuwa na maneno mengine kidogo, lakini naomba nikomee hapa, kwa sababu baba yangu amesimama, na anaelekea nyuma.

Ndugu zangu wenye simu mikononi, nakuombeni, hii msiipige.