Marehemu Mahamudu bin Heri na Chumba Chake cha Nyuma

Imamu wetu, wazee wa ukoo, majirani wa misikiti na wa makanisa, mimi ni Yakubu bin Heri, mdogo wa marehemu, nimepewa karatasi hii niwasomee kabla jeneza halijatoka, na msidhani nina huzuni peke yake, ninaogopa, na mtajua ninaogopa nini.

Marehemu Mahamudu bin Heri alizaliwa hapa Kasongo tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba hii hii iliyo mbele yenu, alisoma Kurani kwa baba yetu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1974, akaingia sekondari miaka miwili, kisha baba akafariki, Mahamudu akaacha kalamu akashika baiskeli, akawa ananunua mpunga vijijini Wamaza na kuuleta mjini, hadi mwaka 1988 alipofungua depo yake ya mchele katika chumba cha nyuma, chumba alichokisifu kupita kiasi, nasi tukimtania kwamba ipo siku atahamia humo na mke.

Tarehe 4 Agosti 1989 alimuoa Bi Mwanvua wa Nyangwe, Mungu akawajalia watoto watatu, binti yao Hidaya aliyeolewa Bujumbura, na wavulana wawili walio kazini Lubumbashi. Vita viliwakimbiza mwaka 1998, waliporudi mwaka 2003 wakakuta mabati ya mbele yameng'olewa, wakalala chumba cha nyuma, na tangu hapo hawakukihama kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mvua za Novemba 2020 zilipenya ukuta wa chumba hicho, ukungu mweusi ukaota kutoka sakafuni hadi dirishani, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sisi ufa tuliupaka chokaa, kila Idi tukapaka, na kila baada ya Idi ukungu ukarudi.

Ugonjwa ulianza mwaka 2021, pumzi ikawa fupi, kikohozi kikamganda, viungo vikavimba, akili ikaanza kusahau, tukaambiwa malaria, tukaambiwa rimatisme, maradhi ya viungo, na wengine wenu mlitaja uchawi, mpaka Juni 2024 Hidaya alipompeleka kwa daktari Bujumbura, akaonekana mwili wake unawaka na kuvimba kwa ndani bila kukoma, akapewa dawa ya kupuliza puani, ni peptidi, kitu ambacho neva na matumbo ya kila mmoja wetu hujitengenezea ili kuutuliza mwili, ila daktari alimuonya kwamba kwanza ahame penye ukungu, kwani vinginevyo ni kumwagia moto maji huku ukiongeza kuni.

Basi Septemba 2024 alihamia kwangu Nyangwe, Bi Mwanvua akabaki kulinda nyumba, na jirani yangu Mama Deborah muuza samaki akatuwekea chupa ya dawa katika frigo yake ibaki baridi, marehemu akicheka kwamba sasa hata pua yake inanuka samaki, na mbele ya macho yangu vidole vyake vikanyooka, akapanda kutoka mtoni bila fimbo, akaanza tena kuwaita watoto wangu kwa majina yao. Sisemi dawa hiyo humponya kila mtu, nasema nilichokiona.

Tarehe 28 Februari 2025, Ramadhani ilipokaribia, aliniambia, "Mudogo wangu, Ramazani mutu anafungia kwake, nyumba ya baba iko, nitalala namna gani kwa watu?" Akarudi chumba cha nyuma, dawa akaendelea kupuliza, ila haikumsaidia tena, pumzi ikapungua wiki hadi wiki, na jana, Alhamisi tarehe 8 Mei, saa kumi jioni, akafariki humo humo.

Hapo karatasi ya wazee imeisha, haya mengine ni yangu. Tangu Aprili Bi Mwanvua anakohoa kikohozi kile kile, vidole vimevimba hata pete haitoki, na leo asubuhi ameniita Mahamudu, si kwa kilio, alinisahau. Desturi yetu inataka akae eda ya miezi minne na siku kumi katika chumba alimofia mume wake. Nilimsihi atoke, akanijibu, "Shemeji, nikitoka watasema nilikimbia maiti ya bwana yangu. Kama ukoo haunitoe mbele ya watu, miye iko hapa."

Nimemuuliza Imamu, akasema nyumba inayodhuru haimfungi mjane. Nimewauliza wazee, wakanipa karatasi hii nisome. Wazee wangu, mtanikasirikia, lakini hasira yenu siiogopi kama ninavyoogopa kusimama hapa tena kabla mwaka haujaisha, nikiwasomea karatasi ya pili.

Tunamshukuru daktari wa Bujumbura, Mama Deborah na frigo yake, wafanyabiashara wenzake wa mchele, na ninyi majirani mliotusaidia kupaka chokaa, mlipaka kwa moyo mwema, na mimi nilikuwa nanyi.

Bi Mwanvua, uliye nyuma ya pazia, kwa jina la ukoo wa Heri na mbele ya watu hawa wote, ninakutoa, jeneza likipita mlango wa mbele wewe pita mlango wa nyuma, Mama Deborah anakungoja na pikipiki, eda utaikaa Nyangwe kwa mama yako, na atakayesema ulikimbia aje kwangu, hukukimbia, tumekutoa sisi. Chumba nitakifunga mwenyewe.

Kaka Mahamudu, tulikupenda, pumzika kwa amani, na tafadhali, uende peke yako.