Mbegu Kabla ya Dawa

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio aliyatega kwenye kiti cha mbele. Mama mmoja alikuwa akimweleza abiria mwenzake, muuguzi aliyevaa sare, kwamba mwanawe wa miaka kumi na saba anaanza dawa za saratani leo.

“Mbegu zake za uzazi zimehifadhiwa?” muuguzi aliuliza.

“Makubwa! Huyo bado mtoto, dada!”

“Leo mtoto. Kesho atataka kuitwa baba, na dawa hizo zinaweza kumnyima. Mbegu hugandishwa kabla.”

Mama alitazama saa yake. “Mbona sikuambiwa? Dripu anatundikiwa saa nne!”

Ilikuwa saa nne kasorobo.

Basi liliposimama hospitalini, mama alikwisharuka, simu sikioni. “Mwanangu, waambie wangoje! Nakuja!”

Kituo cha fundi kilikuwa kimepitwa zamani.